Kukata Kucha za Mbwa Si Mchezo wa Matajiri

Ndugu wakulima,

Najua wengi wenu mkisoma kichwa cha habari hii mtacheka. Mtasema, "Karani huyu amekaa Nairobi mpaka amesahau kazi. Sisi twangoja habari za mbolea na bei ya maziwa, naye atuletea habari za kucha za mbwa!" Chekeni, si vibaya. Hata mimi zamani nilicheka. Lakini nawaomba msome mpaka mwisho, kwa maana jambo hili dogo liliniletea hofu ya miezi sita nyumbani kwangu, na katika hofu hiyo alikuwamo mtoto wangu. Napenda ninyi mpate fundisho hilo bila kulipa gharama niliyolipa mimi.

Mimi nilisomea ualimu, kisha nikaandikwa ukarani katika ofisi ya kilimo, katikati ya mji. Kila asubuhi napanda matatu huko Uthiru, twafuata barabara ya Waiyaki, twapita Kangemi na Westlands hata tufike mjini. Upande huu wa magharibi wa Nairobi una mambo mawili yasiyofanana. Katika mitaa ya Lavington, Kileleshwa na Kilimani wako watu wanaolipa fedha ili mbwa wao waogeshwe, wachanwe manyoya na kukatwa kucha. Mwendo mfupi kutoka hapo, katika Kawangware na Kangemi, mbwa huzurura jaani kutafuta chakula, wala hakuna mtu aliyepata kuwashika mguu tangu wazaliwe. Kwa kuona hivyo, sisi watu wa kawaida twadhani kwamba kukata kucha za mbwa ni anasa, ni kazi ya mtu asiyejua afanye nini na fedha zake. Nami nasema tumekosea, na sababu zangu ni hizi.

Shangazi ya mke wangu alikuwa akifanya kazi ya yaya katika nyumba moja huko Lavington. Matajiri wake walipohama kurudi kwao Ulaya walimwachia mbwa wao mdogo. Shangazi anakaa katika chumba kimoja Kawangware, hana mahali pa kumweka mbwa, basi akatuletea sisi. Watoto wakampa jina la Simba, ijapokuwa kwa ukubwa hakumzidi paka. Alikuwa mbwa mpole, mwenye sauti kubwa usiku, na kwa kweli alinifaa kuliko kufuli.

Baada ya miezi michache nikasikia kucha zake zinagonga sakafu ya saruji, ta-ta-ta, kila anapotembea. Tena alikuwa akiwakwaruza watoto anaporuka kuwalaki. Jumapili moja nikasema nitazikata mwenyewe. Sikumwuliza mtu. Nilichukua koleo la kukatia waya, nikamkamata Simba kwa nguvu, nikakata ukucha wa kwanza kwa mara moja kama mtu anayekata msumari. Mbwa alilia kilio ambacho sijakisahau. Damu ikatapakaa sakafuni, naye akaniponyoka akaingia chini ya kitanda, akakaa huko hata usiku. Tangu siku ile hakukubali tena mtu yeyote amguse mguu. Ukinyosha mkono tu, anakuonyesha meno.

Nikasema, haidhuru, mbwa ni mbwa. Kumbe sivyo. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa ilipofika, watu walipeleka mbwa wao uwanjani. Mimi na vijana wawili wa jirani tulijaribu kumshika Simba tangu saa moja asubuhi hata saa nne. Mmoja wa vijana aliraruliwa shati. Mwishowe nilikwenda uwanjani peke yangu kama mjinga, kuwatazama mbwa wa wengine wakichomwa sindano. Katika muda wa wiki tatu mbwa asiye na mwenyewe aliingia uani kwetu, akapigana na Simba, akamwuma shingoni, akakimbia. Hakuna aliyejua alikotoka wala alikokwenda.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipojua maana ya kukosa usingizi. Bwana Mifugo alikuja, akamfunga Simba mdomo kwa kitambaa, akamchanja, akaniamuru nimtenge kwa miezi sita katika kibanda chenye wavu, asiguswe na watoto. Binti yangu mdogo alikuwa na miaka sita. Kila jioni alisimama mbali na kile kibanda akimwita Simba, nami kila jioni niliangalia kama mbwa anameza mate vizuri, kama sauti yake haijabadilika, kama hajaanza kuuma mbao. Mungu alisaidia, miezi sita ikapita salama. Lakini mbwa aliyefungiwa miezi sita hapati mahali pa kusaga kucha. Tulipomtoa alikuwa akichechemea, na ukucha wa kando wa mguu wa kushoto ulikuwa umejikunja kama ndoana ukaingia ndani ya nyama. Ilinibidi kumpeleka kwa daktari wa mifugo huko Kabete. Alimpa dawa ya kumtuliza, akautoa ukucha ule nyamani, akasafisha usaha, kisha akanigeukia akanifundisha kama vile mimi nilivyokuwa nikifundisha watoto wa darasa la pili. Hayo aliyonifundisha ndiyo ninayotaka kuwaeleza.

Kwanza yafaa tujue ukucha wa mbwa ulivyo. Si kama msumari. Ndani yake mna nyama hai yenye mshipa wa damu na mishipa ya fahamu. Ukikata ncha peke yake, mbwa hasikii kitu, kama wewe usivyosikia ukikata kucha zako. Ukifika kwenye nyama ile, anasikia maumivu makali na damu inatoka. Ikiwa ukucha ni mweupe, nyama hiyo huonekana kwa rangi yake nyekundu iliyofifia, na ni rahisi kuikwepa. Ikiwa ukucha ni mweusi, hauonekani ndani, kwa hiyo sharti ukate kidogo kidogo, kila mara upana wa punje ya mchele, huku ukitazama mahali ulipokata. Ukiona doa la mviringo lenye giza na unyevu katikati ya ukucha, acha hapo, umekaribia nyama.

Tena kumbukeni ukucha wa kando. Huu uko upande wa ndani wa mguu wa mbele, juu kidogo ya zile nyingine, kama kidole gumba chetu. Mbwa wengine wanao miguu ya nyuma pia. Ukucha huu kwa kawaida haugusi chini mbwa anapotembea, kwa hiyo hausagiki kama zile nyingine. Ndio unaojikunja na kuingia nyamani, na watu wengi hawautazami kabisa kwa kuwa umefichwa na manyoya.

Pili, mzoeze mbwa kabla hujamkata. Hapa ndipo nilipokosea mimi, na hapa ndipo wengi watakapokosea. Wiki ya kwanza usichukue chombo chochote. Mbwa akiisha kula na kutulia, mguse bega, teremsha mkono mpaka mguuni, ushike mguu kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu, uuache, umpe kitu kidogo cha kutafuna, tonge la ugali lenye mchuzi au kipande cha nyama. Wiki ya pili bonyeza kidole chake polepole mpaka ukucha utokeze, kisha umpe tena. Wiki ya tatu mwonyeshe mkasi, umguse nao ukucha bila kukata, na ukate kijiti kikavu karibu naye azoee mlio. Akianza kuguna au kukakamaa, umekwenda haraka mno. Rudi nyuma hatua moja. Usimpige hata kidogo, kwa maana ukimpiga atajifunza kwamba mkono wa mtu ni adui.

Tatu, siku ya kukata, tafuteni mahali penye nuru ya kutosha. Mbwa mdogo awekwe mapajani au juu ya meza iliyotandikwa gunia, asiteleze. Mtu mmoja amshike kwa upole na kumsemesha, mwingine akate. Kazi hii ni ya watu wazima, si ya watoto. Chombo kizuri ni mkasi wa kucha za mbwa, ambao huuzwa katika maduka ya dawa za mifugo na vitu vya wanyama mjini. Kwa mtoto wa mbwa aliye mdogo sana, chombo cha kukatia kucha za watu chaweza kutosha. Usitumie wembe wala koleo la waya. Makali yawe makali kweli, kwa sababu chombo butu huponda ukucha badala ya kuukata. Ukipata ukucha mmoja tu siku ya kwanza, shukuru Mungu, mpe mbwa zawadi yake, uache mpaka kesho. Mbwa wa miguu minne ana kucha zaidi ya kumi na sita, lakini hakuna sheria isemayo lazima ziishe siku moja.

Nne, weka karibu kitambaa safi na unga laini wa mahindi au wa ngano. Ikiwa kwa bahati mbaya umefika kwenye nyama, usitaharuki. Chovya ukucha katika unga, ubane kwa kitambaa kwa muda wa dakika tano bila kufungua fungua kutazama. Kwa kawaida damu husimama. Ikiwa imepita nusu saa na damu bado yatoka, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na ikiwa ukucha umekwisha kuingia nyamani, au mguu umevimba na kutoa usaha, au mbwa anauma kweli kweli, usijaribu mwenyewe. Hiyo si kazi ya nyumbani.

Mwulizaji atasema, "Je, nitajuaje kama zimekuwa ndefu?" Sikiliza sakafuni. Mbwa akisimama wima penye sakafu ngumu, kucha zisiguse chini. Zikigonga anapotembea, wakati umefika. Kwa mbwa wengi wanaokaa nyumbani, mara moja kila wiki tatu au nne yatosha. Ikiwa zimekuwa ndefu sana kwa kuachwa, usitake kuzirudisha kwa siku moja, kwa kuwa nyama ya ndani nayo imerefuka. Kata ncha kidogo kila wiki, na nyama hiyo itarudi nyuma yenyewe. Haraka haraka haina baraka.

Sasa najua mkulima mmoja wa Kinangop au Ol Kalou atanijibu hivi: "Mbwa wangu hukimbia shambani na juu ya mawe, kucha zake husagika zenyewe." Nakubali, bwana. Mbwa anayetembea penye ardhi ngumu husaga kucha zake, na pengine hutakuwa na haja ya mkasi mwaka mzima. Lakini nakuuliza mambo matatu. Je, ukucha wa kando nao unasagika? Je, yule unayemfunga mnyororo mchana kutwa nyuma ya ghala, anasagia wapi? Na yule mzee aliyekwisha kuchoka, ambaye hulala tu mlangoni, ni nani anayemtazama miguu? Tena siku hizi watoto wetu walio Nairobi huleta nyumbani mbwa wadogo wa mjini, kama Simba wangu. Wakirudi kazini wanatuachia sisi. Mbwa hao wadogo ni wepesi wa mwili, hawasagi kucha kama wale wakubwa.

Zaidi ya hayo, mbona kwa wanyama wengine hatucheki? Mfugaji wa mbuzi na kondoo anajua kwamba kwato zikiachwa zikue ovyo, mnyama huchechemea, hali vizuri, na uchafu hukaa ndani ya kwato ukaziozesha. Basi humshika, humgeuza na kumpunguza kwato, na majirani humsifu kwamba ni mfugaji hodari. Ng'ombe wa maziwa vile vile. Mbwa analinda mbuzi hao na ng'ombe hao usiku wote, lakini ukimshika mguu unaitwa mzungu! Mimi sioni akili katika maneno hayo.

Lakini sababu yangu kubwa si kucha zenyewe. Kukata kucha ni shule, na somo linalofundishwa humo ni moja tu: mbwa akubali kushikwa na mtu. Mbwa anayekubali kushikwa mguu atakubali kushikwa shingo, na anayekubali kushikwa shingo atachanjwa. Asiyeshikika hachanjiki. Mtaona siku ya chanjo wenyewe: wako watu wengi wanaobaki nyumbani si kwa kukataa chanjo, bali kwa sababu hawawezi kumkamata mbwa wao wenyewe. Wanaogopa kuumwa na mnyama wanayemlisha kila siku.

Na kichaa cha mbwa si mzaha. Ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza katika Kenya mwaka wa 1912, kwa mbwa aliyekuwa pembeni mwa mji wa Nairobi huu huu. Imepita miaka zaidi ya mia moja, na bado unaua watu wetu, hasa watoto wa mashambani. Karibu watu wote wanaoupata duniani huambukizwa na mbwa. Dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, ni kama hakuna kupona. Mwaka wa 2014 Serikali yetu ilitoa mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa watu ifikapo mwaka wa 2030. Wataalamu wasema kwamba tukiweza kuchanja mbwa 70 katika kila mbwa 100 wa mahali, na kufanya hivyo mwaka baada ya mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Serikali yaweza kuleta dawa na sindano mpaka uwanja wa chifu. Lakini kumleta mbwa akiwa ametulia, hiyo ni kazi yangu mimi na wewe, na haiwezi kufanyika asubuhi moja. Samaki mkunje angali mbichi.

Na ikiwa mtu ameumwa na mbwa, au amekwaruzwa, asidharau hata jeraha likiwa dogo. Aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika kumi na tano kamili, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama mbwa anajulikana. Asitie pilipili wala mafuta ya taa, wala asingoje aone itakuwaje.

Basi haya ndiyo maoni yangu. Nataka kila mwenye mbwa katika skimu zetu aanze wiki hii kumshika mbwa wake miguu yote minne, jioni moja baada ya nyingine, bila mkasi na bila kelele. Vyama vyetu vya wakulima na vikundi vya akina mama navyo vimwombe Bwana Mifugo, siku anapokuja kwa habari za ng'ombe, atumie robo saa kuonyesha jinsi ya kumshika mbwa na kumpunguza kucha. Hakuna gharama kubwa hapo. Mkasi mmoja waweza kutumiwa na nyumba kumi, mradi usafishwe kwa maji ya moto na sabuni. Na mtoto wako akikuletea mbwa mdogo kutoka mjini, mwambie alete na mkasi wake, na cheti chake cha chanjo.

Simba yungali hai. Sasa amekuwa mzee, macho yake yameingia ukungu. Mwanzoni ilinichukua miezi miwili kabla hajaniruhusu nikate ukucha mmoja. Hivi sasa, nikitoa mkasi kabatini, anakuja mwenyewe na kulala ubavu, kwa maana anajua kuna tonge. Siku ya chanjo ya mwisho binti yangu, ambaye sasa ni mkubwa, alimchukua mikononi akaenda naye uwanjani. Walirudi baada ya nusu saa. Mimi nilikuwa nimekaa barazani nikinywa chai, nikakumbuka ile siku niliyokwenda peke yangu.

Wasalaam,
ni mimi mwenzenu, karani wa kilimo, Nairobi.